Msuguano na kani normali

Msuguano ni kani inayozuia nyuso mbili zilizogusana zisiteleze moja juu ya nyingine. Kani normali ni ile ambayo nyuso hizo husukumana nayo kwa pembe mraba: jiwe huulemea mwamba ulio chini yake, na mwamba nao hulisukuma jiwe kwa kiasi hichohicho. Kwa vitu vingi vigumu na vikavu kani hizi mbili huenda sambamba. Nyuso zikibanwa maradufu, msuguano wa juu kabisa zinaoweza kutoa nao huwa maradufu.

Jiji la Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria kwa jumla ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu ya majabali yaliyopandana vilimani, mitumbwi inayovutwa mialoni, kamba za meli gatini, reli, na hata matetemeko ya ardhi upande wa magharibi wa ziwa. Mifano hiyo yote inaonyesha kwamba msuguano haufuati uzito wa kitu, bali hufuata jinsi nyuso zinavyobanwa. Uzito ni chanzo kimojawapo tu cha kubanwa huko. Unaweza kupunguzwa na mteremko au kubebwa na maji, na mara nyingine nafasi yake huchukuliwa kabisa na mkazo wa kamba au springi.

## Kanuni

Uhusiano huo huandikwa F = μN. F ni msuguano wa juu kabisa, N ni kani normali, na μ, herufi ya Kigiriki isomwayo "myu", ni kizigeu cha msuguano. Kizigeu hakina kizio kwa kuwa ni uwiano wa kani mbili. Tena si sifa ya kitu kimoja, bali ya jozi ya nyuso pamoja na hali yake. Mbao kavu juu ya mbao kavu hutoa takriban 0.25 hadi 0.5, mwamba juu ya mwamba 0.6 hadi 0.85, na mpira wa tairi juu ya lami kavu huwa kati ya 0.7 na 0.9, kisha hushuka lami inapolowa.

Wanafunzi wengi hukosea mahali pawili. Kwanza, hudhani kwamba msuguano daima ni sawa na μN, ilhali hicho ni kikomo tu. Chukua kreti la samaki la kilo 50 lililo kwenye sakafu iliyo sawa, kizigeu kikiwa 0.4. Kani normali ni newton 490, na kikomo cha msuguano ni newton 196. Mchukuzi akilisukuma kwa newton 100, halisogei, na msuguano wakati huo ni newton 100 kamili, si 196. Akifikisha 200 kreti linaanza kwenda. Msuguano wa kitu kilichotulia huitwa msuguano tuli, na wa kitu kinachoteleza huitwa msuguano mwendo. Huu wa pili kwa kawaida ni mdogo zaidi, na ndiyo maana kuanza kusukuma ni kazi kubwa kuliko kuendelea.

Pili, huchukua uzito na kuuweka mahali pa N bila kufikiri. Viwili hivyo huwa sawa pale tu uso unapokuwa mlalo na pasipo kani nyingine inayobana au kuinua. Kwenye mteremko wenye pembe θ, kani normali ni uzito mara kosaini ya θ, na sehemu iliyobaki, yaani uzito mara saini ya θ, ndiyo inayokivuta kitu kwenda chini.

## Historia na maelezo ya chanzo

Leonardo da Vinci (1452–1519) aliandika katika madaftari yake kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ya mzigo na kwamba haujali ukubwa wa eneo linalogusana, lakini hakuyachapisha. Mfaransa Guillaume Amontons aliyagundua upya na kuyawasilisha mbele ya chuo cha sayansi cha Paris mwaka 1699. Katika karne ya 18 Leonhard Euler alitenganisha msuguano tuli na msuguano mwendo, na mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb akachapisha majaribio mapana yaliyoithibitisha kanuni.

Kilichowashangaza wengi ni hilo la eneo. Tofali lililolazwa na tofali lililosimamishwa kwa ubavu hutoa msuguano uleule. Sababu yake ilielezwa vizuri katikati ya karne ya 20 na Philip Bowden na David Tabor wa Cambridge. Uso wowote, hata ulionyooshwa kwa msasa, una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Nyuso mbili zikikutana, zinagusana kwenye ncha za vinundu hivyo tu, na eneo la mguso wa kweli mara nyingi halifiki hata asilimia 1 ya eneo linaloonekana. Mzigo ukiongezwa, ncha hizo hubonyea na nyingine mpya hugusana, hivyo eneo la kweli hukua kwa kadiri ya mzigo. Kinachopinga mtelezo ni kukatwa kwa miguso hiyo. Tofali lililolazwa lina miguso mingi yenye mzigo mdogo kila mmoja, lililosimamishwa lina michache yenye mzigo mkubwa, na jumla yake inalingana.

## Majabali ya Mwanza

Mwanza huitwa Jiji la Miamba. Vilima vya Bugando, Isamilo, Igogo na Mabatini, rasi ya Capri Point, kisiwa cha Saanane na lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga ni sehemu ya miamba ya matale ya umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba huo ulipasuka kwa mistari iliyokatana. Maji yakapenya katika nyufa, yakaila miamba kwenye pembe na kuiviringisha ikiwa bado chini ya udongo. Udongo ulipochukuliwa na mvua kwa muda mrefu, mawe yakabaki juu, mengine yakiwa yamepandana mawili na matatu. Jiwe la aina hiyo likikaa kwenye mteremko bila kuzuiwa na jingine, linashikiliwa na msuguano.

Chukua jiwe lenye umbo la mchemraba wa meta 2 kila upande. Tungamo lake ni karibu tani 21, na uzito wake karibu kilonewton 208. Kizigeu kati yake na mwamba ulio chini kikiwa 0.6, hali yake ni hii:

Kwenye mteremko wa digrii 20, kani normali ni kilonewton 195, kikomo cha msuguano ni 117, na kani inayolivuta chini ni 71. Jiwe limetulia, na lina akiba kubwa.

Kwenye digrii 30, kani normali ni 180, kikomo ni 108, na kani ya kulivuta ni 104. Jiwe bado limetulia, ila akiba imebaki kidogo sana.

Kwenye digrii 35, kani normali ni 170, kikomo ni 102, na kani ya kulivuta ni 119. Jiwe linateleza.

Mteremko hufanya mambo mawili kwa pamoja: huongeza kani ya kuvuta na hupunguza kani ya kubana. Mpaka kati ya kutulia na kuteleza ni pembe ambayo tanjenti yake ni sawa na μ, ambayo kwa 0.6 ni digrii 31. Uzito haumo kabisa katika hesabu hiyo ya mwisho. Jiwe la kilo 5 na jabali la tani 200, vikiwa na nyuso za aina moja, vitaanza kuteleza kwenye pembe ileile. Kwa hiyo ukubwa wa jabali juu ya nyumba si dalili ya kwamba limekaa imara. Cha kuangalia ni mwinamo wa kitako chake na kilichomo kati yake na mwamba.

## Maji kati ya nyuso

Hatari kwenye vilima hivyo huongezeka wakati wa mvua za vuli na masika. Mara nyingi mtu husema jiwe limeteleza kwa kuwa maji yamelilainisha, na kwa kweli udongo wa mfinyanzi uliojaa kwenye ufa ukilowa hushusha kizigeu. Lakini maji hufanya kazi kubwa zaidi upande wa kani normali. Yakijaa kwenye ufa uliozibwa chini, hayapati pa kutokea, na kanieneo yake hulisukuma jiwe kutoka chini.

Turudi kwenye jiwe la meta 2 lililo kwenye mteremko wa digrii 30. Kina cha meta 1 ya maji hutoa kanieneo ya karibu kilonewton 9.8 kwa kila meta ya mraba. Ikienea chini ya kitako chote cha meta 4 za mraba, hubeba kilonewton 39. Kani normali inayobaki kati ya jiwe na mwamba ni 141 badala ya 180, na kikomo cha msuguano kinashuka kutoka 108 hadi karibu 85. Kani ya kuvuta bado ni 104. Jiwe lililotulia kiangazi chote sasa linakwenda, ingawa uzito wake haukubadilika wala kizigeu hakikuguswa. Kwa sababu hiyo wahandisi wanaolinda miteremko huchimba mifereji juu ya majabali na kutoboa matundu ya kutolea maji kabla ya kufikiria kujenga ukuta.

Jiwe lililozama lote ziwani lina hesabu tofauti. Maji huliinua wima na kulipunguzia karibu asilimia 38 ya uzito. Kani normali hupungua, lakini kani ya kulivuta chini ya mteremko hupungua kwa kiwango hichohicho, hivyo pembe ya kuteleza haibadiliki. Kinachobadilika ni uwezo wa kuhimili msukumo wa pembeni. Kikomo cha msuguano kimekuwa kidogo, na wimbi lenye nguvu linaweza kulisogeza jiwe ambalo nchi kavu lisingetikisika. Hilo lina maana kwa kingo za ziwa ambalo kina chake hupanda na kushuka. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya meta 2, na mwaka 2020 lilifurika tena kwenye fukwe za nchi zote tatu zinazolizunguka.

## Mialoni na kwenye chelezo

Mwaloni, mtumbwi wa mbao hutolewa majini ili ukaushwe na kuzibwa nyufa. Tuseme una kilo 600 na kizigeu kati ya kitako chake na mchanga uliolowa ni 0.5. Ukivutwa kwa kamba iliyo sambamba na mchanga, unahitaji kani ya newton 2,940. Wavutaji wakiipandisha kamba mabegani hadi iwe na mwinamo wa digrii 30, zinatosha newton 2,634, kwa kuwa sehemu ya mvuto huo inaunyanyua mtumbwi na kupunguza kani normali. Wakigeuka wakausukuma kutoka nyuma huku wameinama, mikono ikielekea chini kwa digrii 30, watahitaji newton 4,773. Mtumbwi ni uleule na mchanga ni uleule, lakini msukumo wa kuelekea chini unajiongezea msuguano wenyewe. Mwinamo unaofaa zaidi kwa kuvuta ni pembe ile ambayo tanjenti yake ni μ, yaani karibu digrii 27 katika mfano huu.

Magogo yanayowekwa chini ya mtumbwi hufuata njia nyingine: hayapunguzi kani normali, bali hubadilisha kuteleza kuwe kubingirika, ambako upinzani wake ni mdogo mara nyingi. Mtumbwi ukirudishwa majini, maji hubeba uzito wake hatua kwa hatua. Mara kitako kinapoachana na mchanga, kani normali huwa sifuri na msuguano wa mchanga hutoweka. Upinzani unaobaki ni wa maji, nao hufuata mwendo wa chombo badala ya mgandamizo.

Hesabu hiyohiyo, kwa kipimo kikubwa, huwahusu wajenzi wa meli. MV Mwanza, yenye urefu wa meta 92.6, iliundwa kwenye bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 12, 2023. Meli ya ukubwa huo ikiwa kwenye chelezo haiachwi itegemee msuguano wa chuma kikavu. Kwa kawaida kazi ya namna hii hufanywa kwa magurudumu juu ya reli, mifuko ya hewa au njia zilizopakwa mafuta mazito, ili mteremko mdogo utoshe kuishusha na winchi iweze kuizuia.

## Kubana bila uzito: kamba, breki, reli

Meli inapofika gatini, baharia huzungusha kamba kwenye nguzo fupi ya chuma, na mtu mmoja huizuia meli yenye tani mamia. Kamba hiyo karibu haina uzito. Kani normali inatokana na mkazo wake wenyewe: kamba iliyokazwa kuzunguka nguzo huibana nguzo, kubanwa huleta msuguano, na kila sehemu ya mzunguko hupunguza mkazo unaoifikia sehemu inayofuata. Euler alionyesha kwamba faida hiyo huzidishwa kwa kila mzunguko. Kizigeu kikiwa 0.3, mzunguko mmoja humwezesha mtu kuzuia kani mara 6.6 ya ile anayoishika, miwili mara 43, na mitatu mara 286. Baharia anayeshika newton 200 kwa mizunguko mitatu anazuia karibu newton 57,000.

Wapakiaji wa magari hutumia wazo la aina hiyo wanapokaza kamba au minyororo juu ya mzigo. Mzigo haukuongezewa hata kilo moja, lakini unaibana sakafu ya gari kwa kani kubwa zaidi, na hausogei gari likifunga breki. Breki za baiskeli nazo hubana rimu kwa mkono wa mwendeshaji. Hata hivyo, msuguano kati ya tairi na barabara bado una kikomo chake. Bodaboda ikifunga breki ghafla, mzigo huhamia gurudumu la mbele. Kani normali ya nyuma hupungua, na ndiyo maana gurudumu la nyuma hujifunga na kuserereka upesi.

Reli iliifikia Mwanza mwaka 1928, na njia mpya ya reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka ina urefu wa kilometa 341. Hapa, tofauti na kamba na breki, uzito ndio unaobana: chuma juu ya chuma hutoa msuguano mdogo, na kichwa cha treni huvuta kwa kadiri ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa tu. Kichwa cha tani 80, magurudumu yake yote yakiendeshwa na kizigeu kikiwa 0.25, hakiwezi kuvuta zaidi ya kilonewton 196 hata kiwe na injini kubwa kiasi gani. Reli ikilowa na kizigeu kikishuka hadi 0.1, zinabaki 78. Dawa ya zamani, ambayo ingali inatumika, ni kumwaga mchanga mbele ya magurudumu.

## Msuguano chini ya ardhi

Septemba 10, 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, hasa katika eneo la Bukoba. Tetemeko la aina hii ni mtelezo wa ghafla kwenye ufa wa miamba. Pande mbili za ufa hubanwa na uzito wa ardhi iliyo juu na kani za pembeni, na msuguano tuli huzishikilia kwa miaka mingi huku mkazo ukijikusanya. Kikomo kikivukwa, miamba huteleza. Msuguano mwendo kuwa mdogo kuliko msuguano tuli hufanya mtelezo huo uwe wa haraka na wenye kishindo.

Mwaka 1978 mwanajiofizikia James Byerlee alikusanya vipimo vya aina nyingi za miamba na kukuta kwamba karibu yote hufuata uwiano mmoja: msuguano ni takriban 0.85 ya mgandamizo hadi megapaskali 200. Juu ya hapo ongezeko hupungua na kuwa 0.6 kwa kila kipimo kinachozidi. Maji yaliyonaswa ndani kabisa ya nyufa hupunguza mgandamizo huo kwa njia ileile yanavyofanya chini ya jabali la kilimani.

## Mipaka ya kanuni

Uwiano wa F na N ni kanuni ya vipimo, si sheria isiyo na ukomo. Mpira laini wa tairi hauifuati sawasawa: mzigo ukizidi, kizigeu hushuka. Nyuso zenye gundi au zilizosuguliwa hadi kung'aa zinaweza kushikana hata zisipobanwa. Mjusi mdogo anayetembea darini kichwa chini hashikiliwi na kani ya kumbana, bali na mvutano kati ya vinywele vidogo mno vya vidole vyake na dari. Pimbi wa majabali ya Mwanza wana nyayo laini zenye unyevu zinazonata kwenye mwamba. Mjusi Agama mwanzae, aliyepewa jina la Mwanza, hutumia kucha kunasa vinundu vya jiwe, kwa hiyo hupanda kuta ambazo kwa msuguano peke yake angeanguka.

## Kipimo cha shuleni

Kizigeu kinaweza kupimwa bila mizani. Kipande cha jiwe huwekwa juu ya ubao, kisha upande mmoja wa ubao huinuliwa polepole mpaka jiwe lianze kuteleza. Kimo kilichoinuliwa kikigawanywa kwa urefu wa kitako cha pembetatu iliyo chini ya ubao, jibu ni kizigeu cha msuguano tuli: kimo cha sentimeta 50 kwa kitako cha sentimeta 80 ni karibu 0.63. Jaribio hurudiwa jiwe jingine likiwa limefungwa juu ya la kwanza. Kama pembe haikubadilika, msuguano umeongezeka kwa kadiri ileile ya mgandamizo. Ikibadilika waziwazi kila mara, nyuso hizo zimetoka nje ya mipaka ya kanuni, na kizigeu kimoja hakitoshi kuzieleza.